Wasifu wa mama yangu ambao haukusomwa: mwalimu wa darasa la kwanza, Umatengoni

Mtoto wa Ticha (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Mama yangu tulimzika mwaka jana kwetu Umatengoni, wilaya ya Mbinga. Misa ilifana. Mapadre walikuwa wengi, WAWATA, yaani umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, walivaa sare zao, na kwaya zilitoka vigango vya jirani. Ukafika wasifu wa marehemu. Mnajua zinavyokuwa: alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akasoma, akaajiriwa, akafunga ndoa, akajaliwa watoto wanane, akastaafu, akaugua, akafariki. Aliyeuandika ni kaka yetu mkubwa na simlaumu, ratiba ilibana na mvua ilikuwa imeshatanda. Lakini nilikaa pale benchi la mbele najiuliza huyu anayesomwa ni nani, maana ungebadilisha jina tu ungeusoma kwenye msiba wa jirani.

Nimeamua kuandika humu yale ambayo hayakusomwa. Jina lake silitaji, wala kijiji, wala shule. Waliopita mikononi mwake watamjua kabla hawajafika nusu ya uzi. Nitaenda kwa vipande, naandikia simu.

Kwanza mjue alikuwa mwalimu wa namna gani. Alifundisha darasa la kwanza. Alianza kazi 1964, akastaafu 2000, na ukitoa vipindi vichache aliposhikishwa madarasa mengine kwa upungufu wa walimu, miaka yote hiyo alikuwa na darasa la kwanza, tena alilidai mwenyewe. Walimu mliomo humu mnajua darasa hilo linavyogawiwa: anapewa mgeni, mgonjwa, au aliyekosana na mkuu wa shule. Mwalimu hodari anapelekwa la saba akatafute ufaulu. Mama alilipinga hilo kwenye vikao mpaka wakuu wa shule wakamzoea. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto akifika la nne hajui kusoma, huyo mwalimu hodari wa la saba anapewa maiti atibu.

Alizaliwa 1945. Alisomea kwa masista, akamaliza darasa la nane, akaenda chuo cha ualimu miaka miwili, akatoka na daraja C. Wakati ule shule za kwetu karibu zote zilikuwa za misheni. Wabenediktini wako Peramiho tangu 1898, na kutoka pale walipanda mpaka kwenye milima yetu na kanisa mkono mmoja na shule mkono wa pili. Kwa hiyo mama alijifunza kusoma na kusali mahali pamoja, kwa watu walewale. Utotoni alijibu misa ya Kilatini yote kwa kichwa bila kujua anasema nini. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano misa ikageuzwa Kiswahili, wazee wengine wakanung'unika kwamba utakatifu umepungua. Yeye alifurahi sana. Alikuwa akituambia, "Kumbe miaka yote ile nilikuwa nakubali maneno mazito namna hii!"

Nitarudi jioni.

kahawa_chungu

Siti ya mbele. Anayepita apite taratibu.

Binti Ruhuwiko

Pole sana mleta uzi. Raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umuangazie.

Mimi mama yangu pia alikuwa mwalimu, Songea mjini. Naomba uelezee nyumbani ilikuwaje. Watoto wa walimu tuna siri zetu, mwanafunzi anaenda nyumbani saa nane, sisi tunaenda nyumbani na mwalimu.

Jiwe Gizani

Mtanisamehe, mimi huwa sielewi hizi nyuzi za kuwatukuza walimu wa zamani. Hao ndio waliotuvunja vidole. Tena wale wa kanisani ndio walikuwa wakali kupita maelezo. Mleta uzi aseme ukweli, mama yake alikuwa hapigi?

Mtoto wa Ticha

Jiwe Gizani, swali lako nitalijibu, usiondoke. Wacha nimjibu Binti kwanza.

Nyumbani kulianza saa kumi usiku. Aliamka, akawasha koroboi, akawasha moto, akainjika uji, akaanza rozari. Hakuwa na muda wa kupiga magoti kwa hiyo alisali huku anakoroga. "Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe…" na sisi tulitakiwa kuitikia tukiwa bado kitandani, vyumba viwili, wavulana huku wasichana kule: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee…" Aliyesinzia alijulikana papo hapo kwa sababu sauti za upande mmoja zilipungua, na mama aliitambua sauti ya kila mmoja. Alikuwa hasimamishi sala. Alitaja jina lako katikati ya Salamu Maria kisha akaendelea. Kaka yangu wa tatu alijifunza kuitikia akiwa usingizini kabisa, na mpaka leo mkewe anasema anafanya hivyo.

Baada ya rozari akakaa na andalio la somo. Hili ndilo ninalotaka watu walijue kuliko lolote. Miaka thelathini na ushee anafundisha herufi zilezile, a, e, i, o, u, na hakuwahi kuingia darasani bila andalio jipya. Si kunakili la mwaka jana na kubadili tarehe, kama wengi wanavyofanya mkaguzi akikaribia. Aliandika majina ya watoto kabisa: huyu anageuza b na d, huyu anajificha nyuma ya mwenzake, huyu hajala, aulizwe mapema kabla hajasinzia. Watu wakimzungumzia wanasema alikuwa mama wa sala, na ni kweli, alikuwa WAWATA, alikuwa mweka hazina wa jumuiya, Ijumaa za Kwaresima hakukosa Njia ya Msalaba. Lakini mimi niliyelala chumba cha pili nasema ukitaka kuona dini yake ulikuwa usome yale maandalio. Kanisani alikwenda na wenzake wengi. Mezani pale alikuwa peke yake na hakuna aliyemtuma.

Vifaa alitengeneza mwenyewe. Maboksi ya sabuni aliyaomba dukani, akayakata herufi kwa wembe, kila herufi saizi ya kiganja, akazipaka masizi yaliyochanganywa na utomvu. Mtoto alipewa herufi aishike, aipapase pembe zake, afumbe macho aitaje. Watoto wetu wanaingia shule wanajua Kimatengo tu, Kiswahili wanakutana nacho siku hiyo. Yeye wiki za mwanzo alichanganya, anawasemesha kwa lugha ya nyumbani mpaka woga uwatoke. Mkaguzi mmoja alimwandikia kwamba amekiuka lugha ya kufundishia. Alikubali, akatia sahihi, akaendelea.

Dukani Kwetu

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Mkuu, nimefika kwenye "maboksi ya sabuni aliyaomba dukani" nikaacha kazi yangu. Duka hilo ni la marehemu baba yangu. Hapakuwa na lingine pale lenye sabuni za boksi. Mama yako alikuja Jumamosi, anasalimia, anauliza mzigo umeingia, anapewa boksi tupu. Baba alikuwa akituambia tusiyachome.

Sasa na mimi niongeze lisilojulikana. Kijiji kizima Wakatoliki, Waislamu tulikuwa nyumba tatu. Kipindi cha dini kikifika wenzetu wanaingia kwa katekista, sisi tunakaa nje tunarusha mawe kwenye mikaratusi. Mama yako alimfuata baba akamwambia, "Mzee, hawa watoto hawawezi kukaa kipindi kizima kama mbuzi waliokosa mchungaji. Tafuta wa kuwafundisha dini yenu, chumba nitawatafutia mimi." Baba akamwomba ustadhi aliyekuwa akipita na biashara zake kutoka Mbinga mjini. Tukapewa stoo ya majembe. Mimi juzuu yangu ya kwanza niliisomea katikati ya majembe ya shule ya kijiji cha Wakatoliki, na aliyenipatia nafasi hiyo alikuwa na rozari shingoni. Nimewahadithia wanangu mpaka wamechoka.

Mtoto wa Ticha

Dukani Kwetu, umenifanya nisimame. Habari ya stoo sikuijua. Asante sana ndugu yangu, na Mungu amrehemu mzee.

Hapo umenigusia jambo nililotaka kufikia. Sheria ya elimu ya 1969 ilizitoa shule mikononi mwa madhehebu zikawa za serikali. Kwa wazee wengi wa kanisa ilikuwa kama kunyang'anywa mtoto. Jengo lilelile, kengele ileile, mwalimu yuleyule, lakini sasa ni shule ya wote. Mama alikuwa na miaka 24 na mtoto mchanga. Wakati fulani baada ya hapo katekista mmoja alimletea orodha Jumatatu asubuhi: watoto ambao hawakuonekana misani Jumapili, waadhibiwe paredini kama ilivyokuwa zamani. Mama aliipokea kwa heshima, akaisoma, akamrudishia. Alimwambia, "Hawa ukiwataka kwa Mungu, wafuate nyumbani kwao. Hapa mimi nina daftari la mahudhurio ya shule tu."

Lilimletea maneno. Waliosema amepoa kiimani ni walewale aliokuwa akikutana nao misa ya asubuhi, na kwenye jumuiya alikaa nao duara moja. Hakuacha kwenda.

Mzee wa Chemli

Nimesoma kimya tangu jana. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka sitini na kitu, na mjukuu ndiye anayenishikia simu hii.

Mama huyu namjua. Mimi ni mwalimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Vijana hamjui maana yake, mnajua kucheka tu, "Ualimu Pasipo Elimu", kama mlivyokuja kuwacheka wale wa vodafasta, walimu wa mafunzo ya haraka. Ngoja niwaeleze. Azimio la Musoma, Novemba 1974, liliamua kwamba kila mtoto aingie shule ifikapo 1977, badala ya kungoja mpaka 1989 kama ilivyopangwa awali. Walimu walitoka wapi? Tulichukuliwa sisi, vijana tuliomaliza la saba tukakosa sekondari. Hatukupelekwa chuo moja kwa moja. Tulibaki vijijini, tunasomeshwa na mwalimu mwenye uzoefu, tunasikiliza masomo ya redio, tunaletewa vijitabu, na siku hiyohiyo unasimama mbele ya watoto. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba na suruali moja.

Aliyepewa kutufundisha pale alikuwa mama yako. Darasa langu la kwanza lilikuwa na watoto zaidi ya mia moja, wengine wamekaa juu ya matofali, wengine wamechungulia dirishani kwa kukosa pa kukaa. Siku ya kwanza nilisimama nikasahau hata jina langu. Mama yako alikuwa amekaa nyuma kabisa sakafuni, katikati ya watoto, ana mimba kubwa. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Nikamtazama. Akauliza, "Mwalimu, leo tunasoma herufi gani?" Watoto wote wakageuka wakacheka, na mimi nikacheka, ulimi ukafunguka.

Nimefundisha mpaka nikastaafu nikiwa mwalimu mkuu. Hao waliokuwa wakinicheka UPE, wanao nimewafundisha.

kahawa_chungu

Shikamoo mwalimu. Naacha utani kwa leo.

Mtoto wa Ticha

Shikamoo mwalimu. Nakukumbuka, ulikuwa na baiskeli isiyo na breki. Ile mimba yumkini ni ya mdogo wangu anayenifuata.

Kwa akina dada wanaosoma hapa niongeze kidogo. Likizo ya uzazi ilikuwa siku 84, lakini yenye mshahara ni mara moja kila miaka mitatu. Ukizaa kabla miaka mitatu haijatimia, unabana kwenye likizo yako ya mwaka. Mama alikuwa na watoto wanane na si wote waliosubiri ratiba ya serikali. Wawili kati yetu tulilelewa kwenye kona ya darasa la kwanza, tumefungiwa khanga juu ya mkeka, na msichana wa darasa la sita aliyeletwa kutuangalia alikuwa akifanya zoezi lake hapohapo. Dada yangu mmoja alijua kusoma akiwa na miaka minne kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuwa.

Jioni kulikuwa na kisomo. Sensa ya 1967 ilikuta takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawajui kusoma wala kuandika, na walimu wa shule za msingi ndio waliobeba kampeni ile ya miaka ya sabini. Mama alifundisha wanaume waliokuwa na umri wa baba yake, wametoka kulima ngoro, yale mashimo yetu ya kilimo cha milimani, mikono migumu kiasi kwamba penseli zinakatika. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Ndiyo, mmesoma vizuri. Baba alikuwa mkulima wa kahawa, aliishia darasa la pili, na mke wake ndiye alimfundisha kuandika zaidi ya jina. Alikaa dawati la nyuma na alimwita "mwalimu" kama wenzake. Nyumbani alirudi kumwita mama fulani. Sijawahi kuona mwanamume aliyejivunia mkewe kwa namna ile bila kuisema.

Binti Ruhuwiko

Hapo kwenye watoto wanane naomba kuuliza bila ubaya. Hakuchoka? Mama yangu mimi alichoka na alisema wazi. Watu wa kanisa wakati ule walizungumza habari za uzazi kana kwamba watoto wanajilea.

Mtoto wa Ticha

Alichoka, dada. Nilimsikia mara moja akimwambia shangazi yangu kwamba angependa Mungu amruhusu alale mpaka jua litoke, mara moja tu, ndipo aendelee. Uzazi wa mpango wa njia za asili aliujua, walifundishwa kwenye semina za akina mama, na nadhani kwa wadogo wangu wawili wa mwisho ulifanya kazi nusu nusu. Dada zangu walipoolewa hakuwahi kumwambia yeyote azae wangapi. Alisema kila mmoja aongee na mumewe na dhamiri yake. Paroko hakumfurahia kwa hilo.

Sasa Jiwe Gizani, zamu yako.

Alipiga. Siwezi kuandika wasifu nikalificha hilo. Alikuwa na fimbo ya mpera juu ya kabati na alichapa kwa mambo mawili, uongo na kumcheka mwenzako aliyekosea kusoma. Kwa kukosa jibu hakumchapa mtu, hata mara moja, na walimu wenzake waliokuwa wakichapa kwa kukosa jibu alizozana nao waziwazi. Lakini alichapa, na sisi wanawe tulichapwa zaidi ya wengine ili isisemwe anapendelea. Uzeeni nilimuuliza. Aliniambia kwamba kizazi chao kilipokea fimbo pamoja na chaki kana kwamba ni kifaa kimoja, na hakuna aliyewafundisha kutenganisha. Kisha akasema kuna mtoto mmoja alimchapa kwa uongo, baadaye akagundua mtoto alisema kweli. Alimtaja jina. Ilikuwa imepita miaka arobaini.

Jiwe Gizani

Sawa. Angalau umesema. Wengi wakifika hapo wanaruka.

Ila tusiseme "kizazi chao" kana kwamba yamekwisha. Kanuni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne na ni kwa idhini ya mkuu wa shule, lakini nenda shule yoyote leo ukahesabu.

Mzee wa Chemli

Huyu kijana ana haki. Mimi kama mwalimu mkuu nilitakiwa kuandika kila kiboko kwenye kitabu. Kitabu changu kilikuwa na kurasa nyingi nyeupe kuliko ukweli.

Mtoto wa Ticha

Kipande cha mwisho, halafu niwaachie.

Miaka ya tisini mwanzoni binti wa darasa la saba alipata mimba. Alikuwa wa kwanza darasani, na herufi alifundishwa na mama. Utaratibu mnaujua, wakati ule mimba ilikuwa ni kufukuzwa shule, hakuna mjadala, na ilibaki hivyo mpaka Novemba 2021 serikali iliporuhusu warudi. Kikao cha walimu kilikaa, fomu ikaandikwa. Mama alikuwa mwalimu mwandamizi, na sahihi yake ilitakiwa. Alitia. Sijui alijisikiaje, hakusema. Jioni alikwenda kwa wazazi wa yule binti, akakuta ameshafukuzwa nyumbani pia, amejikunyata kwenye banda la kukaushia kahawa. Akarudi naye kwetu.

Alikaa kwetu mpaka akajifungua, hospitali ya Litembo, na baada ya hapo miezi mingi. Watu walisema mengi. Kwenye jumuiya kuna mama alisimama akauliza ni mfano gani unaoonyeshwa kwa mabinti wetu. Mama alijibu kwamba Jumapili iliyopita wote walilia kwa ajili ya Bikira Maria aliyekosa nafasi nyumba ya wageni, sasa kuna mtu anahitaji nafasi na yeye anayo. Ilikuwa Desemba, kipindi cha Majilio. Yule mama aliketi.

Usiku, baada ya vyombo, mama alimfundisha. Chemli moja, sisi upande huu na kazi zetu za shule, yeye upande ule ananyonyesha na kitabu kipo magotini. Mtihani wa la saba hakuruhusiwa kufanya, mlango ule ulikuwa umefungwa. Baadaye sana alifanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akaenda kusomea uuguzi. Siku ya mazishi alikuwepo, alisimama upande wa familia, na kwenye wasifu hakutajwa kwa sababu hatukuhesabu watoto tisa.

Binti Ruhuwiko

Nyie… mngemuhesabu jamani.

Mtoto wa Ticha

Tumeshasahihisha. Kwenye msalaba wa saruji, fundi ameandika wanane kwa sababu alishalipwa. Ila kwenye kitabu cha familia yumo.

Nyasa Upepo

Wakuu nimeingia humu kwa kutumiwa uzi huu na mwenzangu. Mleta uzi, naomba kuuliza, mama hakuwa na kaunta buku kubwa, la jalada jekundu, analofunga na mpira wa baiskeli?

Mtoto wa Ticha

Alikuwa nalo. Wewe ni nani?

Nyasa Upepo

Mimi nimo humo. Nilichaguliwa sekondari ya bweni, 1987. Mnakumbuka ile karatasi ya mahitaji: godoro, shuka mbili, ndoo, jembe, sanduku la bati. Bei ya kahawa ilikuwa mbaya na malipo yamechelewa, baba akasema nitasubiri mwakani. Hakuna kusubiri mwakani, nafasi anapewa mwingine. Mwalimu alikuja nyumbani na godoro limefungwa kamba, amelibeba kichwani mwenyewe. Alimwambia baba ataandika kwenye kitabu, alipe akipata. Nimeishi na deni hilo. Baba alifariki mapema sikumuuliza. Nimefanya kazi, nina uwezo, na mama amekufa sijamlipa. Nisaidie kuangalia.

Mtoto wa Ticha

Ngoja. Kitabu kipo kwa dada, Mbinga mjini. Kina watu wengi mno, na kilituletea ugomvi baada ya arobaini. Kaka mmoja alitaka tupite tukidai, mwingine akasema ni aibu. Nimempigia dada simu, atatafuta 1987.

kahawa_chungu

Uzi huu sitoki. Nimekaa na kikombe changu.

Mtoto wa Ticha

Dada amepata. Ananisomea. Mwaka 1987, mwezi wa pili. Jina lako lipo, la baba yako lipo. Limeandikwa "godoro 1, sanduku 1". Mbele yake kwa wino mwingine, mwezi wa tisa mwaka huohuo: "mbuzi 1, jike. Amelipa." Baba yako alileta mbuzi?

Nyasa Upepo

Nilikuwa shuleni. Hakuniambia. Alikuwa na mbuzi watatu tu.

Mtoto wa Ticha

Basi hudaiwi, ndugu yangu. Tena dada anacheka kwenye simu, anasema mbuzi huyo anamkumbuka, alikuwa na doa jeusi jichoni. Alizaa mapacha mara mbili, na wale wanambuzi ndio waliouzwa nilipokwenda mimi kidato cha kwanza.

kahawa_chungu

Kwa hiyo hesabu zikikaa sawa, mleta uzi ndiye anayedaiwa mbuzi.

Nyasa Upepo

Na riba.